Vijiti vya Nduku

Nduku alipoitisha mkutano wake wa kwanza hapa Mtongwe, alituma habari kwa mdomo, nyumba hadi nyumba, kwamba Jumamosi asubuhi atawafundisha akina mama mseto. Habari iliponifikia nilicheka mpaka nikajidunga sindano, maana nilikuwa nakunja pindo la dera la mtu. Mkamba atoke Wote, huko bara, aje atufundishe sisi mseto! Mseto tuliolishwa tangu hatujaota meno, mchele na pojo na tui, vikapondwa mpaka vikashikana, ukala na samaki wa kukaanga na achari ya embe. Nilifunika cherehani yangu nikaenda, si kujifunza, bali kushuhudia aibu.

Sikuwa peke yangu. Wanawake walijaa uwanjani, wengine wameshika miko, na jirani yangu mmoja alikuja na sufuria kabisa ili asisimuliwe. Nduku akatokea na buti zake za mpira, mkononi hana chungu wala mchele, ana fungu la vijiti na mche wa mbaazi. Akaanza kueleza jinsi mahindi yanavyoweza kukaa shamba moja na miti, mti ukashusha majani, majani yakaoza, mchanga ukashiba. Tukatazamana. Mwenye sufuria akavumilia weee, mwisho akauliza, "Na pojo utatia saa ngapi, Mwalimu?"

Mtu mwingine angeona haya akaondoka. Nduku, alipoelezwa kwamba mseto kwetu ni chakula, alicheka mpaka akaketi chini mchangani. Ana kicheko kikubwa kuliko mwili wake, na ukikisikia huwezi kujizuia. "Basi ni hiyo hiyo!" akasema akijifuta machozi. "Mchele inabaki mchele, pojo inabaki pojo, lakini kwa sufuria moja. Kilimo mseto ndio hiyo, mama zangu." Tulimpigia makofi, kisha tukatuma mtu dukani alete mchele na pojo, na ile sufuria haikurudi nyumbani tupu. Tangu siku hiyo jina lake likawa Mwalimu wa Mseto.

Wakati huo alikuwa mpangaji wangu. Yeye na mumewe Erastus, mwendesha winchi bandarini, mtu mkimya ambaye akisalimia watu wawili hujiona amepayuka, walichukua vyumba vya uani kwangu. Nilidhani nimepangisha watu, kumbe nimepangisha kitalu. Miche ilianzia barazani ndani ya paketi za maziwa zilizokatwa, ikazunguka tangi la maji, ikaingia bafuni, Erastus akawa anaoga huku akiiomba radhi milonge. Kamba yangu ya nguo ilihamishwa bila mimi kuulizwa, kwa sababu eti nguo zilikuwa zinawazibia watoto jua. Watoto wenyewe ni mivinje. Niligomba, na mimi nikigomba mtaa mzima hupata habari. Nduku alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Pole, Mama Fairuz," akanipandia mdimu nyuma ya jiko. Kamba haikurudi mahali pake hadi leo.

Kazi aliyoajiriwa na shirika lake ni kutembea shamba hadi shamba, huku Likoni na upande wa Kisauni, akiwashauri wenye ardhi na walimaji wapande miti katikati ya mazao yao. Watu wa bara hudhani Mombasa ni meli na hoteli tu. Ukiingia ndani, nyuma ya majumba, utakuta bado kuna mihogo, kunde na mahindi, na mchanga uliochoka kulea. Mchanga huo ulimkera Nduku kama mtu aliyemtukania mama. Alikuwa akiokota konzi, anaunusa, anausugua kwa kidole gumba, kisha anautia mfukoni kuwaonyesha wakubwa wake. Kila gauni aliloniletea nilishone lilikuja na mchanga mfukoni, na mifuko yenyewe imetobolewa na mbegu za miiba.

Nilimwuliza siku moja kwa nini kazi hii, na si ualimu au duka. Akaniambia kwao jua halina huruma, na wakati wa ukame majirani walikuwa wakiuza mbuzi mmoja mmoja mpaka zizi linakuwa tupu, isipokuwa kwao, maana mamake alikuwa na miti ya majani mabichi kiangazi na masika. "Mimi nimesoma kwa mbuzi," akasema, "na mbuzi zimekula kwa miti. Sasa nikiona shamba haina mti naona mtoto amefukuzwa shule." Alisema bila kucheka, na kwa Nduku hilo si jambo dogo.

Shamba alilolipenda kuliko yote lilikuwa la Kenga na mkewe Kache, pale chini karibu na mkono wa bahari. Nasema la Kenga kwa mazoea ya mdomo tu. Shamba ni la Bi Sheikha, binamu wa marehemu mamangu, wa ukoo uliokuwa na maduka ya vitambaa mjini enzi hizo, naye sasa anaishi na mwanawe Mujahid kule Mishomoroni. Babake Kenga aliruhusiwa kukaa na kulima pale kwa neno la mdomo, na Kenga akalirithi neno hilo kama wengine wanavyorithi nyumba. Nyumba yake ni ya udongo na makuti. Kila akivuna humpelekea Bi Sheikha kikapu cha mihogo na kunde, kwa heshima, na Bi Sheikha humrudishia kikapu na tende ndani yake.

Mahindi ya vuli yalifika magotini, yakageuka manjano, yakaona imetosha. Nduku aliyatazama kwa uchungu, akamwambia Kenga dawa ni miti.

"Mti siwezi, Mwalimu," akasema Kenga.

"Kwa nini? Mimi nitakuletea. Nitakuonyesha."

"Kila kitu sawa. Mti hapana."

Hakueleza zaidi. Kuna mambo mtu hayaelezi kwa kuwa anadhani kila mwenye akili timamu anayajua, na hapa pwani jambo hili hata mtoto wa chuoni anayeanza alifu analijua. Nduku akadhani mzee anaogopa kivuli kitaharibu mahindi. Akarudi na fungu la vijiti vya ule mti wa mbolea, unaokatwa tawi likachomekwa ardhini na likashika. Akamwonyesha Kache na Kenga. "Hii si mti," akasema. "Angalia. Ni vijiti tu." Kwa macho vilikuwa vimekauka, havina jani hata moja. Kenga akavigeuzageuza, akaona kweli ni vijiti, kama vile unavyochomeka kunde zipande, akasema vijiti havina neno.

Hapo ndipo Nduku alipokosea, na alikosea kwa adabu. Kwao, ukitaka kumtilia mtu miti bila kumpunguzia nafasi ya mahindi, unaanzia pembeni mwa shamba. Basi siku Kenga alipokwenda kibarua, Nduku alivuta uzi ukingoni mwa shamba lote, Kache akashika ncha ya pili, naye Nduku akachomeka vijiti kwa mkono wake mwenyewe kimoja baada ya kingine, vimenyooka kama askari wa gwaride. Hujivunia mistari yake, mwanamke huyu. Kenga aliporudi jioni aliutazama mstari ule mara mbili, lakini mgeni alikuwa ametoka jasho, na vijiti ni vijiti. Akaviacha. Kisha mvua za masika zikanyesha vizuri, Kenga akapanda mahindi mengine, na vijiti vikachipua.

Sasa nieleze, kwa faida ya watu wa bara. Kwetu ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na ardhi, na mwingine akawa na minazi iliyosimama juu yake, wakafa wote wawili na kuwaachia watoto wao kesi. Aliyepanda mti wa kudumu ndiye mwenye mti, na mwenye mti ameshatia mguu mmoja ndani ya shamba. Ndiyo maana mwenye ardhi humruhusu mkaaji kulima mahindi, mihogo, hata mipapai, kwa kuwa mpapai hauhesabiwi, lakini akitaja mti ataambiwa ngoja kwanza. Na huo ni mti wa katikati ya shamba. Mti wa ukingoni ni mpaka, na anayeweka mpaka ni mwenye mali. Sisi tunacheka na kila kitu, lakini kwa ardhi hatuna mzaha, na wakati mwingine naona tumezidi.

Mujahid alipita pale na rafiki zake Ijumaa moja. Akaona shamba la mamake limezungushwa mstari wa kijani uliopimwa kwa uzi. Hakuuliza hodi wala habari gani. Alipiga picha, akaitupa kwenye kundi la simu la familia, akaandika chini yake: Kenga ameshapima. Ukoo wetu umeenea Mombasa, Muskati na Uingereza, na kabla ya swala ya laasiri shangazi wa kila nchi alikuwa ametuma sauti yake ya kulia. Jumapili ujumbe wa Bi Sheikha ukamfikia Kenga: akishavuna mahindi, atafute pengine pa kukaa.

Kache ndiye aliyekuja kwangu. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Dada Nduku yupo?"

Nduku akatoka na mikono ya udongo, anatabasamu, akadhani amekuja kusifu vijiti. Kache akamweleza kwa sauti ya chini, bila ukali, na huo upole ndio ulionikata maini. Watoto wake wanasoma hapa. Mama mkwe wake amezikwa hapa. Hajui jinsi ya kuanza kumlaumu mtu aliyemtendea wema, basi hamlaumu.

"Lakini mimi ndio nilipanda!" Nduku akasema. "Na ni vijiti! Mama Fairuz, vijiti zinafukuza mtu aje?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha akainuka, akachukua panga, akasema anakwenda kung'oa vyote saa ile ile. Tulimfuata mbio. Kenga alikuwa shambani, akamzuia kwa mkono.

"Usiving'oe, Mwalimu."

"Nimekuharibia, Mzee. Wacha nitengeneze."

"Vikitoka leo, nimekiri. Asiyeiba hatupi kitu chini akakimbia." Akamtoa panga mkononi taratibu. "Vikae. Vikae vionekane."

Usiku ule Nduku hakula. Najua kwa sababu Erastus alikuja kuniomba ndimu za kumtengenezea sharubati, na alizungumza sentensi nzima. Asubuhi nikamwambia mwanamke huyu avae nguo ya heshima, tunakwenda Mishomoroni. Njiani nilimpa masharti. Asiingie na viatu. Aamkie kwanza. Na asitaje shamba mpaka Bi Sheikha mwenyewe amwambie aseme, hata kama yatakatika maji yote ya mji.

Nduku alivaa nguo ya kanisani, nikaridhika, kisha tukafika mlangoni nikatazama chini nikaona buti za mpira. Alikuwa amezisahau miguuni.

Bi Sheikha alikuwa amekaa kitandani, mdogo, msafi, uso wote macho. Nduku akapiga goti kabisa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nyumbani wapi?"

Maswali yakaanza, na kwetu hayana haraka. Wazee wazima? Mvua Wote imenyesha? Mbuzi je? Una watoto? Nduku alijibu yote mbio mbio. Tukaletewa chai ya tangawizi na kaimati. Yeye, akidhani kwamba chai ikiisha maneno yataanza, akaimiminia kooni ikiwa ya moto. Kikombe kitupu kwetu kina maana ya kuomba tena. Akajaziwa. Akakimaliza. Akajaziwa. Alipofika kikombe cha nne jasho linamtiririka, Bi Sheikha akanigeukia.

"Huko kwao hamna chai?"

Nikamfinya Nduku aache kikombe kijae. Alipokiacha, Bi Sheikha akajipangusa midomo. "Haya, mwanangu. Wataka n'ni?"

Nduku akapasuka kama gunia. "Mama, nimekosea. Tena sana. Ile vijiti si ya Kenga. Kenga hakuwa hata hapo. Ni mimi nilipanda, kwa mikono yangu."

"Hebu. Kijiti cha kwanza alipanda nani?"

"Mimi."

"Na cha mwisho?"

"Mimi. Zote ni mimi, Mama. Kache alishika uzi tu."

Bi Sheikha akamtazama, akanitazama mimi, na nikaona midomo inaanza kumcheza. "Mama Fairuz, wasikia? Aliyepanda ndiye mwenye miti. Na mwenye miti ya mpakani..." Hakumaliza. Alianza kucheka kimya kimya, mabega yanatikisika, kisha kicheko kikatoka. "Wallahi shamba langu halikutwaliwa na Kenga! Limetwaliwa na Mkamba! Mujahid! Ndoo hapa, njoo umwone tajiri wako!"

"Mimi sitaki shamba!" Nduku akapiga kelele kwa hofu. "Mama, naapa, mimi kwetu niko na shamba!"

Basi hapo hata Mujahid, aliyekuja amekunja uso, alishindwa. Tulicheka mpaka Bi Sheikha akaletewa maji. Nduku alitutazama mmoja mmoja, na alipoelewa, kicheko chake kikaungana na chetu, paka akakimbia dirishani.

Lakini kicheko si jawabu, na Bi Sheikha alipotulia aliliweka wazi. Hana chuki na Kenga, akasema. Anachelea siku atakapokufa. Wanawe wataona miti, wataulizana ni ya nani, watapelekana kortini, na atakayeumia zaidi ni huyo huyo Kenga asiye na wakili. Bora aondoke kwa salama sasa.

Nduku hakukubali. "Mama, ni lini ulienda kuona hiyo shamba?"

Nilitamani sakafu inimeze. Hakuna amwulizaye Bi Sheikha swali la namna hiyo.

"Siku nyingi," akasema Bi Sheikha.

"Mchanga imekwisha. Mahindi ni manjano. Kenga anaibeba hiyo shamba yako kwa mgongo, na akitoka itakufa, Mama. Nakwambia ukweli. Ile miti ni dawa. Mimi makosa yangu ni mahali niliweka, si miti."

Bi Sheikha akamsukumia Nduku sahani ya kaimati. "Huo mti wako waponya?"

"Unaponya. Polepole."

"Basi utakuwa wangu mimi."

"Nakupea. Zote. Sasa hivi."

"Mti haupewi kwa mdomo, mwanangu. Mti hupandwa. Nitakuja niupande." Na kuhusu Kenga hakusema neno, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Alikuja siku ya Jumamosi, masika bado yananyesha. Mujahid alimvusha feri, akamshusha garini na kiti chake cha plastiki. Mtongwe nzima ilikuwa pale, maana siri hapa haikai hata ndani ya chupa. Kenga alisimama pembeni amevaa shati lake jeupe. Kache alikuwa amepika tangu alfajiri, kunde za nazi na samaki, lakini macho yake hayakuwa kwenye chungu.

"Shikamoo, Bi Sheikha," akasema Kenga.

"Marahaba, Kenga."

Bi Sheikha alizunguka shamba lote kwa bakora yake, akaokota mchanga, akaufinya, akautazama jinsi unavyomwagika vidoleni. "Huu si mtanga wa zamani," akasema peke yake. Kisha akamwita Mujahid, akamwonyesha ule mstari wa ukingoni. "Wewe ulipiga picha. Wewe utang'oa."

Mujahid alikuwa amevaa viatu vya ngozi na kanzu iliyopigwa pasi na mtu anayejua kazi. Akavua viatu, akafunga kanzu kiunoni. Vijana wakamshangilia kila kijiti kilipotoka, na kufikia cha kumi alikuwa na tope hadi kwenye nyusi, na yeye mwenyewe anacheka. Nduku akavuta uzi wake upya, mara hii katikati, mistari miwili mitatu kati ya mahindi, akatayarisha matawi mabichi. Bi Sheikha akainama, akashika tawi la kwanza, akasema Bismillahi kwa sauti ya watu wote kusikia, akalichomeka.

"Ni la nani?" akauliza.

"Lako, Bibi!" watu wakajibu.

Akapanda la pili. La tatu mgongo ukakataa, akaketi kitini akatangaza kwamba tangu sasa mkono wa Mujahid ni mkono wake. Mujahid maskini akawa anapanda huku kila tawi mamake anamsomea Bismillahi kutoka kitini, na Nduku nyuma yake anamrekebisha: "Ingiza ndani kidogo. Nyoosha. Hapana, hiyo imelala." Wanawake wakaanza vigelegele. Erastus alikuwa amechukua ruhusa kazini, anabeba matawi, na nilimsikia kwa masikio yangu akiimba.

Tulikula. Watu wakashiba, wakapunguza kelele, na Bi Sheikha akasafisha vidole vyake polepole. Akamtazama Kache, si Kenga.

"Majani ya miti yangu, nani atayakata?"

"Utakayemwambia, Bibi," akasema Kache.

"Mbuzi una?"

"Ninao wawili."

"Basi majani ni yenu, kuni ni zenu, mahindi ni yenu. Miti ni yangu." Kenga akainamisha kichwa, akasema ahsante, na nilidhani mambo yameishia hapo, tena yameishia pema. Lakini Bi Sheikha hakuwa amemaliza. Alisogeza bakora yake kando.

"Na wewe, Kache. Wataka kupanda mti gani?"

Kila mtu pale alijua swali hilo ni la nini, isipokuwa Nduku, aliyekuwa analamba vidole. Kenga alishika ukingo wa benchi. Kache machozi yalimtoka kwanza, akayafuta kwa ncha ya leso.

"Mnazi, Bibi."

"Ziko!" Nduku akaruka. "Mama Fairuz, si ziko kwa veranda? Nitakuletea ile fupi, Kache, ya miaka mitatu tu inazaa—"

"La," akasema Kache. "Ule mrefu. Wa kienyeji."

"Lakini hiyo itakaa miaka saba, na pengine—"

Nilimkanyaga mguu. Akanitazama, akamtazama Kache, kisha nikaona limemwingia. Mwanamke anayechagua mnazi wa miaka saba hana mpango wa kwenda popote. Nduku aliziba mdomo kwa mikono miwili, akageuka, akatoka mbio na buti zake kuelekea kwangu, anateleza, anainuka, watu wanamshangilia njia nzima. Alirudi amekumbatia nazi iliyochipua, majani yake yanampiga usoni, analia na kucheka kwa pamoja wala hajifichi.

"Upandwe wapi?" akauliza akihema.

"Mbele ya mlango wao," akasema Bi Sheikha. "Anayekuja auone. Nyinyi nyote ni mashahidi. Mujahid, hebu piga picha sasa. Uitume kule kule."

Mujahid akajipangusa tope mikononi, akatoa simu.

Kenga alileta jembe. Kache akalichukua mkononi mwake, akaanza kuchimba mwenyewe, mvua imeanza kudondoka tena wala hakuna aliyeondoka. Shimo lilipofika magotini Kenga akanyoosha mkono ampokee.

"Wacha hili," Kache akamwambia. "Wewe utachimba la mwakani."